Siku nne Chicago: pa kuanzia, pa kulipia na pa kuingia bure

Simba wawili waliokula watu Tsavo mwaka 1898 hawapo Kenya. Wapo Chicago, ndani ya kabati la kioo, hatua chache kutoka Ziwa Michigan. Kila mgeni anayenijia kutoka nyumbani nampeleka kwao kwanza, kabla ya maghorofa marefu na kabla ya ile sanamu ya chuma inayong'aa ambayo kila mtu anataka kupiga nayo picha. Nimeona kwamba mtu akishajua historia yake mwenyewe imo ndani ya majumba haya, siku zinazofuata huyatazama kwa jicho jingine. Anasoma maandishi, anauliza maswali.

Nimeandika mwongozo huu kwa anayekuja kwa siku tatu au nne: mahafali ya mtoto, harusi ya ndugu, mkutano wa kazi. Nimewafikiria pia wenzetu wanaoishi hapa hapa, hasa familia za Kikongo kule Rogers Park na mitaa ya jirani, ambao wamekaa miaka bila kuingia jumba hata moja kwa sababu siku walipofika mlangoni bei iliwarudisha. Kwao ipo njia, nayo iko kwenye hatua ya pili.

Hatua ya kwanza: gawanya mji kwa maeneo

Kosa ninaloliona kila mara ni kupanga majumba matatu kwa siku moja kwa kuwa kwenye ramani yamekaribiana. Yamekaribiana kweli, lakini kila moja ni kubwa kiasi cha kummaliza mtu miguu. Saa nane mchana unajikuta umekaa kwenye benchi, mtoto analia, na hukumbuki ulichokiona asubuhi. Weka jumba moja kubwa kwa siku, uingie linapofunguliwa, na alasiri uiache kwa mambo ya nje.

Mji wenyewe si mgumu kuuelewa. Ziwa liko mashariki siku zote. Ukipotea, tafuta ziwa liko upande gani na akili itarudi. Katikati ya mji panaitwa Loop, kwa sababu treni za juu hupazunguka kama kitanzi. Kusini kidogo ya Loop, ukingoni mwa maji, ndipo penye Museum Campus: Field, jumba walimo simba wetu, Shedd, jumba la samaki, na Adler, jumba la nyota. Ukienda kusini zaidi, kilomita kama 11 kutoka katikati, unafika Hyde Park na Jackson Park. Kaskazini ni Lincoln Park, yenye bustani ya wanyama.

Kwa hiyo siku zako zijipange hivi: siku ya kwanza Field na ukingo wa ziwa, ya pili Art Institute, jumba la sanaa, na bustani iliyo jirani yake, ya tatu upande wa kusini, na ya nne mto na Lincoln Park. Ukiwa na siku tatu tu, siku ya nne ndiyo ya kuikata. Kabla hujathibitisha, tazama siku za kufungwa kwenye tovuti ya kila jumba. Art Institute, kwa mfano, hufungwa Jumanne na Jumatano, na nimewaona wageni wengi wakipiga picha mlango uliofungwa.

Tazama pia kalenda ya Oktoba. Mbio za marathoni za Chicago hufanyika mwezi huo, huanzia na kuishia Grant Park, katikati kabisa ya eneo unalotaka kutembelea. Barabara hufungwa na hoteli hupanda bei. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hilo laweza kuwa sababu ya kuja badala ya kukimbia: hapa ndipo Kelvin Kiptum alipokimbia kwa saa 2, dakika 0 na sekunde 35 tarehe 8 Oktoba 2023, akavunja rekodi ya dunia, miezi minne tu kabla ya kufariki kwa ajali ya gari kwao Kenya. Ukisimama Grant Park siku yoyote ile, mwombee.

Hatua ya pili: tiketi

Majumba makubwa huuza tiketi za siku na saa maalumu. Nunua mtandaoni siku chache kabla. Foleni ni fupi, na wakati mwingine bei ni ndogo. Kumbuka kwamba 9:00 iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa tatu yetu ya asubuhi. Naona ni jambo dogo, lakini mzee mmoja niliyempokea alisoma 11:00 akaelewa saa kumi na moja, akapanga kulala mpaka mchana. Wahimize wazazi waweke saa ya simu kwa saa za Chicago mara wanapotua. Nairobi na Dar es Salaam ziko mbele kwa saa nane wakati wa kiangazi na saa tisa wakati wa baridi.

Ukitaka kuingia sehemu tano kubwa za kulipia, piga hesabu ya CityPASS. Ni tiketi ya pamoja inayokuingiza Shedd na Skydeck, ghorofa ya kutazamia mji kutoka juu, halafu unachagua sehemu nyingine tatu, na una siku tisa za kuitumia tangu ulipoingia sehemu ya kwanza. Kwa mtu wa siku nne inalipa iwapo kweli utaingia zote tano. Ukiwa mtu wa kutulia, wa majumba mawili au matatu, nunua moja moja. Mimi huwashauri wengi wanunue moja moja.

Sasa kwa wakazi. Sheria ya jimbo la Illinois inayataka majumba ya makumbusho yaliyo kwenye ardhi ya bustani za umma yawe na siku 52 za bure kila mwaka kwa wakazi wa jimbo. Si wa Chicago peke yao: hata aliyehamia Rockford au Moline anahesabiwa. Kila jumba hutangaza siku zake. Nyingi huangukia katikati ya wiki na kwenye miezi ya baridi. Utahitaji kitambulisho cha jimbo au uthibitisho mwingine wa makazi, na mara nyingi utahitaji kuweka nafasi mtandaoni hata kama hulipi. Familia zenye kadi ya Link, ile ya msaada wa chakula, ziulize punguzo kwenye dirisha la tiketi, kwa kuwa majumba mengi huwaingiza kwa bei ndogo sana au bila malipo. Na mtu mzima mwenye kadi ya maktaba ya umma ya Chicago anaweza kuazima pasi ya makumbusho ya familia kama anavyoazima kitabu. Usione haya kuuliza lolote kati ya haya. Punguzo hilo limewekwa kwa ajili yako.

Bei zinazoandikwa madukani na mikahawani hazina kodi ndani yake. Ongeza zaidi ya asilimia 10. Mkahawani unakohudumiwa mezani, weka bakshishi ya asilimia 18 hadi 20 juu ya hapo.

Hatua ya tatu: kutoka uwanja wa ndege, na kuzunguka

Usikodi gari. Maegesho ya Museum Campus ni ghali, na siku ambayo timu ya Bears inacheza Soldier Field, uwanja uliopakana na Field, bei hupaa na njia huziba. Kutoka O'Hare panda treni ya Blue Line, inayokwenda usiku na mchana na kukufikisha Loop kwa dakika 45 hivi. Kutoka Midway, uwanja wa pili, ni Orange Line. Nauli ya kupandia O'Hare ni kubwa kuliko ya safari ya kawaida, lakini bado ni sehemu ndogo ya bei ya teksi.

Unalipa kwa kadi ya Ventra, au kwa kugusisha kadi ya benki au simu kwenye mashine ya geti. Kama utazunguka sana, nunua pasi ya siku moja au ya siku tatu. Hutahesabu tena nauli, na ukishuka kituo kisicho chako unarudi kupanda bila kinyongo. Treni zenyewe watu wa hapa huziita "L". Kaa kwenye gari lenye watu, hasa usiku sana.

Mavazi: ziwa lina upepo wake. Hata mwezi wa tano mtu anaweza kutoka hotelini kwa fulana akafika ukingoni akitetemeka. Januari hali ya hewa hushuka chini ya sufuri, na hapo koti la Nairobi halitoshi. Vaa tabaka kadhaa, kwa sababu ndani ya majumba kuna joto na utataka kuvua. Vipo vyumba vya kuachia makoti na mabegi.

Hatua ya nne: Field, na simba wetu

Shuka kituo cha Roosevelt, kinachopitiwa na treni za Red, Green na Orange, kisha tembea kuelekea ziwani kwa robo saa au zaidi kidogo. Au panda basi namba 146 kutoka katikati ya mji. Jengo ni la mawe meupe lenye nguzo kubwa, na lilifunguliwa mwaka 1921. Shirika lenyewe ni la tangu 1893, mwaka wa maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika Chicago, na limechukua jina la mfanyabiashara Marshall Field aliyetoa dola milioni moja kulianzisha.

Tiketi ya kawaida inatosha. Maonyesho ya ziada na sinema huongeza bei, na mara ya kwanza hutapata hata muda wake.

Ukiingia tu utakutana na ndovu wawili wanaopigana. Waliletwa kutoka Afrika Mashariki na Carl Akeley, mtu aliyebadilisha kabisa kazi ya kuhifadhi ngozi za wanyama. Kabla yake ngozi ilijazwa majani makavu kama godoro. Yeye alianza kufinyanga umbo la misuli kwanza, halafu akaivisha ngozi. Alifariki mwaka 1926 akiwa Kongo, akazikwa chini ya mlima Mikeno, kwenye eneo la sokwe wa Virunga. Wasomaji wangu wa Goma na Rutshuru wanaujua mlima huo.

Kutoka hapo, bila kukawia, nenda kwenye kumbi za wanyama wa Afrika kwenye ghorofa hiyo hiyo, uwatafute simba wa Tsavo. Nasema uwatafute kwa sababu watu huwapita. Hawana manyoya shingoni, kwa hiyo mtu hudhani ni majike. Wote wawili ni madume. Madume wengi wa Tsavo wako hivyo, au wana manyoya haba. Tena wanaonekana wadogo. Hilo lina sababu yake: baada ya kuuawa, ngozi zao zilikaa miaka 25 hivi sakafuni nyumbani kwa John Henry Patterson, mhandisi aliyewapiga risasi. Zilikuwa zulia. Alipoliuzia jumba hili kwa dola 5,000 katikati ya miaka ya 1920, zilikuwa zimechakaa na kupunguzwa, na fundi hakuwa na ngozi ya kutosha kuwarudisha kwenye ukubwa wao. Simba wa kwanza alipouawa, tarehe 9 Desemba 1898, alipimwa karibu mita tatu kutoka pua hadi ncha ya mkia. Wa pili aliuawa siku 20 baadaye.

Simama hapo kwa muda. Reli ya kutoka Mombasa kwenda Ziwa Victoria ilikuwa imefika mto Tsavo, daraja linajengwa, na usiku simba hawa walikuwa wakiwavuta watu kutoka ndani ya mahema. Kazi ilisimama kwa wiki kadhaa. Patterson alihesabu Wahindi 28 waliokuwa wameajiriwa na reli. Waafrika waliouawa hawakuandikwa popote. Baadaye yeye huyo huyo akaja kutaja jumla ya watu 135. Mwaka 2009 watafiti waliochunguza kemikali za mifupa na nywele za simba hawa walikadiria kwamba waliliwa watu kama 35, mmoja wao akiwa amekula zaidi ya mwenzake mara mbili. Iwe 35 au 135, majina ya watu wetu hayapo. Kila nikisimama pale nalifikiria hilo kuliko ninavyowafikiria simba.

Utafiti haujaisha. Mwaka 2024 wanasayansi walitoa nywele zilizokuwa zimenasa kwenye meno ya simba hawa yaliyovunjika, wakasoma vinasaba vyake. Walikuta twiga, choroa, kuro, pundamilia, nyumbu, na binadamu. Kati ya waandishi wa utafiti huo wamo Ogeto Mwebi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na Nduhiu Gitahi wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Waonyeshe watoto majina hayo kwenye simu mkiwa mmesimama mbele ya kioo. Kuna wanaosema simba hawa warudi Kenya, nami ni mmoja wao. Lakini mpaka siku hiyo ifike, tuwatembelee.

Ghorofa ya chini yupo simba mwingine, wa Mfuwe, Zambia, aliyeua watu sita mwaka 1991. Yeye ni mkubwa kweli, na ukimwona baada ya wale wa Tsavo utaelewa zulia lilichofanya.

Vingine vya Field nitavipitia kwa haraka. Máximo, yule dinosaria wa mita 37 kwenye ukumbi mkuu, ni nakala, kwa hiyo unaruhusiwa kumgusa. SUE, yule T. rex wa ghorofa ya juu, ni mifupa halisi. Alipatikana South Dakota mwaka 1990, na jumba lilimnunua mwaka 1997 kwa zaidi ya dola milioni 8. Fuata ukumbi wake kuanzia mwanzo, usikimbilie mifupa, kwa sababu unakupitisha kwenye historia nzima ya uhai. Ukitoka hapo miguu itakuwa imechoka.

Alasiri, toka nje uelekee mashariki mpaka mwisho wa rasi, kwenye jumba la nyota la Adler, lililofunguliwa mwaka 1930 likiwa la kwanza la aina yake upande huu wa dunia. Si lazima uingie. Kaa kwenye ngazi za mbele ugeuke nyuma: mji wote umesimama ng'ambo ya maji. Hakuna picha ya Chicago inayoizidi hiyo, nayo haina kiingilio. Jua likizama nyuma ya maghorofa ndiyo saa yake.

Na Shedd, jumba la samaki lililo katikati ya hayo mawili? Ukiwa na watoto, ingia, uwape siku yake. Ukiwa mtu mzima uliyezamia Kisite au Chumbe, matumbawe ya ndani ya kioo hayatakushtua. Beluga, wale nyangumi weupe, ndio watakaokusimamisha. Ni ghali, fikiria.

Hatua ya tano: Art Institute na jirani zake

Mlangoni, upande wa Michigan Avenue, wapo simba wengine wawili, wa shaba, waliowekwa mwaka 1894. Wakati wa Krismasi huvishwa mashada shingoni.

Ndani kuna vitu vingi mno, kwa hiyo ingia na orodha fupi. Yangu ina vitu vinne. Mchoro wa Georges Seurat wa watu waliopumzika ukingoni mwa mto, Jumapili, una upana wa mita tatu na umetengenezwa kwa nukta. Usogelee mpaka uone nukta tupu, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua mpaka watu wajitokeze. Mchoro wa Edward Hopper wa mwaka 1942, wa mkahawa usiku na watu wanne wasiosemezana, hunigusa zaidi ya yote. Aliyewahi kukaa ughaibuni na kula peke yake saa sita za usiku hahitaji maelezo. Wa Grant Wood, mkulima na uma wa shambani, utautambua hata kama hukujua jina lake. Na madirisha ya kioo cha buluu ya Marc Chagall, ya mwaka 1977, yapo mahali penye utulivu pa kukaa.

Halafu nenda kwenye chumba cha sanaa za Afrika. Utakuta kazi za Waluba na Wakuba wa Kongo, zimewekewa taa na nafasi ya kuzunguka. Mpeleke bibi au babu mkiwa naye. Mara nyingi anajua kitu kilitumikaje, na maandishi ya ukutani hayajui.

Ukitoka, Millennium Park iko pembeni kabisa. Cloud Gate, ile sanamu inayong'aa, kazi ya msanii Anish Kapoor, imeunganishwa kwa mabamba 168 ya chuma kisichoshika kutu, na maungio yake yamesuguliwa mpaka hayaonekani. Ni bure. Asubuhi mapema hakuna watu. Pembeni kuna minara miwili ya kioo inayomwaga maji wakati wa joto, na watoto huingia na nguo zao; beba nguo za kubadilisha.

Watu hupiga picha hapo wakaondoka, wakaacha jengo lililo ng'ambo ya barabara. Chicago Cultural Center ilijengwa mwaka 1897 ikiwa maktaba kuu, nayo kuingia ni bure. Panda ngazi za marumaru mpaka ukumbi wenye kuba la vioo vya Tiffany, upana wake karibu mita 12, halafu ulitafute kuba la pili upande mwingine wa jengo. Vyoo ni visafi na mna joto. Kwa mtu anayezunguka na mzee au mtoto, hilo nalo ni la kujua.

Hatua ya sita: upande wa kusini

Wageni wengi huambiwa wasiende kusini. Nenda, mchana, kwa basi au treni kama wanavyokwenda wakazi wenyewe. Bila kusini hujaiona Chicago ya watu weusi, na mji huu mwanzilishi wake alikuwa mtu mweusi. Jean Baptiste Point du Sable, ambaye inasemekana alitoka Haiti, aliishi mdomoni mwa mto na mkewe Kitihawa, Mpotawatomi, akifanya biashara, kabla hapajawa na mji. Barabara ya ukingo wa ziwa ilipewa jina lake mwaka 2021.

Jumba lenye jina lake liko Washington Park. Margaret Burroughs, mwalimu na msanii, alilianzisha mwaka 1961 nyumbani kwake akiwa na mumewe, sebuleni, kwa sababu hakuna jumba kubwa lililokuwa likieleza historia ya watu wake. Lilihamia lilipo sasa mwaka 1973. Si kubwa, na ndiyo sababu nalipenda: saa mbili zinatosha kusoma kila kitu. Tafuta sehemu ya Harold Washington, meya wa kwanza mweusi wa mji huu, aliyechaguliwa mwaka 1983 na kufariki akiwa ofisini miaka minne baadaye. Tazama siku na saa za kufunguliwa kabla hujatoka.

Kutoka hapo elekea ziwani mpaka Jackson Park. Jumba la sayansi na viwanda, sasa likiitwa Griffin, limo ndani ya jengo lililobaki la maonyesho ya 1893. Basi namba 6 kutoka Loop linafika karibu nalo, na treni ya Metra Electric pia. Watoto wa kuanzia miaka saba hivi hawataki kutoka. Kitu cha kuona ni U-505, nyambizi ya Kijerumani iliyotekwa baharini karibu na pwani ya Afrika Magharibi tarehe 4 Juni 1944, ikaletwa Chicago mwaka 1954. Kuitazama kwa nje kumo ndani ya tiketi yako. Kuingia tumboni mwake ni malipo ya ziada, nami ningelipa. Ukiona vitanda vilivyobanwa kati ya makombora ndipo unaelewa hali waliyoishi mabaharia wale.

Jackson Park hiyo hiyo ndiko kwenye Kituo cha Rais Barack Obama, ambacho ujenzi wake ulianza mwaka 2021. Tazama tovuti yao ujue utaratibu wa kuingia kabla hujapanga siku. Kwa watu wa Siaya, kwao baba yake Obama, najua, mengine yote niliyoandika humu ni nyongeza.

Hatua ya saba: juu na mtoni

Chagua ghorofa moja ya kupanda, si mbili. Skydeck iko ghorofa ya 103 ya Willis Tower, penye visanduku vya kioo vinavyotokeza nje, unaona barabara chini ya nyayo zako. Foleni huwa ndefu. 360 Chicago iko ghorofa ya 94 kwenye jengo la kaskazini zaidi na inaonyesha ziwa vizuri. Majengo hayo yote mawili yana mkono wa mhandisi mmoja, Fazlur Rahman Khan, aliyezaliwa Dhaka mwaka 1929. Willis Tower, yenye mita 442, ni kama mirija tisa ya mraba iliyofungwa pamoja, kila mmoja ukiegemea wenzake dhidi ya upepo, na mingine ikiishia chini huku miwili ikifika kileleni. Itazame kutoka mbali utaiona mirija hiyo wazi.

Kama pesa inatosha kitu kimoja tu siku hiyo, acha ghorofa, panda boti ya historia ya majengo. Dakika 90 mtoni, mwelezaji amesimama mbele, na maghorofa yanapita pande zote mbili. Muulize kuhusu mto wenyewe: mwaka 1900 wahandisi waligeuza mkondo wake uache kumwaga uchafu ziwani, kwa sababu maji ya kunywa ya mji yanatoka ziwani humo. Boti huacha kutembea miezi ya baridi.

Lincoln Park Zoo ni bure kila siku ya mwaka, na ni ya tangu 1868. Basi 151 linakupeleka. Jioni, mkiwa na njaa na mnatafuta halali, nendeni Devon Avenue kaskazini: biriani, mishikaki na chai ya maziwa, pamejaa Wahindi na Wapakistani, na hakuna atakayekushangaa ukila kwa mkono. Wakati wa kiangazi, Jumatano na Jumamosi usiku, fataki hurushwa Navy Pier. Ukingo wowote wa ziwa ulio karibu unatosha kuzitazama.

Siku ya kuondoka

Kama ndege yako inaondokea Terminal 1 ya O'Hare, fika nusu saa mapema kuliko kawaida. Ukishapita ukaguzi nenda ukumbi wa B. Hapo amesimama Brachiosaurus, nakala ya mifupa, shingo imefika juu karibu na dari, na watu wanapita miguuni kwake na mabegi bila kuinua kichwa. Mifupa ya kwanza ya aina hiyo ilichimbwa na mtu wa Field, Elmer Riggs, huko Colorado mwaka 1900. Miaka tisa baadaye ndugu yake alianza kuchimbwa Tendaguru, Lindi, na mamia ya wafanyakazi waliosimamiwa na Boheti bin Amrani, waliobeba mifupa vichwani hadi bandarini. Yule wa Lindi yuko Berlin. Huyu wa O'Hare unaweza kumsogelea, ukasimama chini ya mbavu zake na kikombe cha chai mkononi, mpaka waite abiria wa ndege yako.